Mfano Upelekwe kwa Mwenyewe

Mwezi wa Mei 1964, Mwalimu Julius Nyerere, alipokuwa akiuweka mbele ya Bunge Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, aliwasemea wasomi wachache wa nchi kwa mfano ambao sijausikia mwingine wa kuushinda: kwamba mtu aliyesomeshwa kwa jasho la wenziwe ni sawa na kijana wa kijiji kilichoingiwa na njaa, aliyepewa akiba yote ya chakula iliyosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuhemea, na kwamba kijana huyo, akiisha kushiba akakaa huko huko asirejee, hana jina jingine ila haini. Mfano ule haukuhitaji sherehe, kwa sababu aghalabu ya wasikilizaji waliijua njaa kwa miili yao wenyewe, walijua mtu wa kutumwa huchaguliwa kwa kigezo gani, na walijua mzigo unaorudi hugawiwa vipi na nani hutangulizwa.

Lakini uzuri wake haukuishia katika taswira. Ulimfunga msomi, na papo hapo ukamfunga msemaji, maana mtu yeyote aliyeukubali alipata idhini ya kuuliza maswali ambayo hakuna hotuba ya takwimu ingeweza kumruhusu kuyauliza: akiba ile ilihesabiwa na nani, wangapi waliila, na wakubwa walioko ofisini, ambao nao walishibishwa kwa akiba hiyo hiyo, wameleta nini? Oktoba 1966 wanafunzi wa elimu ya juu waliandamana mjini Dar es Salaam kuupinga mpango wa kulazimishwa kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao wakafukuzwa masomoni. Walakini hoja yao juu ya mishahara minono ya wakubwa haikupita bure, kwani katika msukosuko ule ule Rais alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sidai kwamba mfano wa 1964 ndio uliozaa mambo hayo. Nasema tu kwamba maswali yale yalikwisha kuwamo ndani yake tangu siku ulipotamkwa.

Toleo hili tumelitoa lizungumze juu ya istiara darasani na hadharani. Mabingwa wa balagha, na juu yao wote Abdulqahir al-Jurjani aliyefariki mwaka 1078, walikwisha kutuonyesha kwamba istiara si rangi inayopakwa juu ya maneno, bali ni kazi inayofanyika ndani ya maana yenyewe. Na hilo halina haja ya kurudiwa hapa. Mimi nataka kuuweka mzani mwingine kando ya mzani wao, mzani wa kienyeji zaidi. Msemaji wa hadhara huazima mfano wake kutoka katika kazi ya watu fulani: wavuvi, wakulima, wafinyanzi, manahodha. Je, wenye kazi hiyo, wakiusikia, wanaweza kumsahihisha? Ikiwa wanaweza, na akakubali kusahihishwa, elimu imepatikana pande zote mbili. Ikiwa mfano umetungwa kwa namna ambayo msikilizaji hawezi ila kuitikia, basi huo ni amri iliyovikwa kanzu ya fasaha.

Kisiwa chetu cha Ukerewe kina shahidi wake katika jambo hili. Mwaka 1970 ulipofanywa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Serikali iliazimia kwamba wilaya 6, miongoni mwao Ukerewe, Mafia, Kilimanjaro na Pare, zitangulie nchi nzima katika kuwafundisha watu wote kusoma na kuandika kabla ya kwisha mwaka 1971. Juhudi ile ilikwenda na lugha ya vita. Ujinga ulikuwa adui, pamoja na nduguze maradhi na umaskini, na adui sharti afutwe. Lugha hiyo iliamsha watu, wala mwenye insafu hawezi kukana. Lakini mfikirie mvuvi aliyezeeka ziwani, ajuaye kuutambua upepo kabla haujavuma na kuusoma mwezi ili ajue usiku wa kwenda na karabai kuvua dagaa, akiketishwa jioni juu ya kidawati cha mwanawe na kuambiwa kwamba adui tunayepigana naye yumo kichwani mwake. Atajibu nini? Katika vita hivyo yeye alikuwa askari na uwanja wa mapambano kwa wakati mmoja. Watu, kwa kawaida yao, walijibu kwa mzaha, wakayaita madarasa yale ngumbaru, na jina hilo likadumu kuliko kampeni yenyewe.

Na hali papo hapo jirani zetu wa Mwanza, katika mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO kuanzia 1968 kwa mikoa ya kandokando ya ziwa, walikuwa wakifanya kinyume chake: vitabu vyao vya kusomea vilianza na pamba, na migomba, na uvuvi, yaani mambo ambayo mwanafunzi aliyajua kumpita mwalimu wake, naye akiona neno limewekwa pasipo pake aliweza kusema.

Chukua mfano mdogo wa darasani. Mwalimu anataka kuwaeleza watoto faida ya chandarua chenye dawa, naye, kwa kuwa yuko Ukerewe, anasema chandarua ni wavu. Mtoto wa mvuvi wa dagaa, ikiwa darasa linampa nafasi, atapinga: wavu huwekwa ili kukamata, na tundu zake hupimwa kwa ukubwa wa samaki atakiwaye, chandarua hakikamati mbu, kinamzuia tu. Hapo mwalimu mwenye hekima hafadhaiki, kwa maana somo lenyewe limemjia mkononi: pale pale panapoachana wavu na chandarua ndipo panapokaa dawa, ambayo humuua mbu kwa kugusa tu pasipo kumnasa. Mwalimu aliyemnyamazisha mtoto yule ameuokoa mfano wake na kulipoteza somo. (Kwamba vyandarua vingine hugeuzwa nyavu kweli kweli katika fukwe zetu ni kisa kingine, nacho kimeandikiwa makala katika toleo hili.)

Sitaki kudhaniwa kwamba nawasifu watu wa kawaida kana kwamba mifano yao haikosei. Hukosea, na wakati mwingine kwa gharama ya roho. Ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wake 3 wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ulipata majina ya mitaani kabla haujapata maelezo ya kueleweka: uliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa katika biashara ya mpakani, baadaye ukaitwa ajali kazini, na aliyeupata akasemwa kwamba amekanyaga waya. Misemo hiyo ina huruma ndani yake, kwani anayepatwa na ajali halaumiwi. Lakini waya wa umeme huua papo hapo, na maradhi yale hukaa mwilini miaka mingi pasipo dalili, mtu akila, akicheka, akioa. Mfano uliificha ile hatari kubwa kuliko zote. Wakuu wa afya wakajibu kwa mabango ya mafuvu na maneno ya vita, na hata Rais Mkapa alipoutangaza kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, ni wachache waliokwenda kijiweni kuushika ule mfano wa waya na kuujadili na wenyewe kama vile mtoto wa mvuvi alivyoujadili wavu.

Imebaki istiara moja ambayo wasemaji wa majukwaani hawaichoki, nayo ni ile ya nchi kuwa chombo, viongozi kuwa manahodha, na raia kuwa abiria wanaotakiwa kutulia. Ni istiara ya kale, tena tukufu. Huku kwetu, hata hivyo, tangu alasiri ya Septemba 20, 2018, pale kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara kikitokea Bugolora, kikiwa kimeruhusiwa kubeba abiria 101 na wakafa zaidi ya watu 220, maneno hayo hayasikiki kama zamani. Mkerewe akiambiwa leo kwamba nchi ni chombo, hana budi kuuliza chombo hicho kina uwezo wa kubeba wangapi, nani amewahesabu waliopanda, majaketi ya kuokolea yako wapi, na zamu ya usukani ni ya nani saa hii. Msemaji atakayeona maswali hayo ni utovu wa adabu, na atafute mfano mwingine. Atakayeyajibu moja moja, na aendelee na wake.

Waandishi wa toleo hili tuliwapa sharti moja: kila aliyeazima mfano kutoka katika kazi ya watu, awasomee makala yake watu wa kazi hiyo kabla ya kutuletea. Baadhi walirudi na makala zilizobadilika sana, na mmoja akaondoa yake. Masahihisho ya wavuvi, wakunga na mafundi wa mitumbwi tumeyachapa pembeni mwa kurasa kama yalivyosemwa, hata pale yanapompinga mwandishi waziwazi. Na atakayeona kwamba hata wao wamekosea, barua yake tutaipokea hapa Nansio.

Mhariri