UCHAMBUZI: Wadhamini huja na kuondoka, shabiki hubaki na timu yake

SIKU ambayo Gor Mahia na AFC Leopards zinakutana jijini Nairobi, soka huanza saa nyingi kabla ya refa kupuliza kipenga. Mashabiki wa Gor, waliovalia kijani, hukusanyika kwenye sanamu ya Tom Mboya katika barabara ya Moi Avenue, kisha huandamana kwa nyimbo na mavuvuzela kuelekea uwanjani. Wenzao wa Leopards hufika na ngoma za isikuti, zile zile zinazorindima katika harusi na matanga ya Waluhya. Debi hiyo huitwa ya Mashemeji, kwa kuwa jamii mbili zilizozizaa klabu hizo zimeoana tangu jadi.

Hakuna kampuni iliyoagiza nyimbo hizo wala iliyolipia ngoma hizo. Mashabiki walizibuni wenyewe, wakazirithisha watoto wao, nao watoto wakazibeba hata katika misimu ambayo timu zao hazikuwa na chochote cha kujivunia.

Jioni ya siku iyo hiyo, kumbi za video mitaani hujaa watu wanaotazama Ligi Kuu ya Uingereza. Humo shabiki hana maandamano wala ngoma. Ana kiingilio alicholipa mlangoni, jezi ya timu iliyo maelfu ya kilomita kutoka kwake na, mara nyingi, ubashiri aliouweka kwa simu akitumaini kupata nauli ya kesho.

Hizo ndizo sura mbili za kandanda ambazo zimekuwa zikivutana humu nchini kwa zaidi ya miaka 20. Katika ya kwanza, shabiki ni mwenyeji. Katika ya pili, yeye ni mteja. Swali ambalo wasimamizi wa soka wamekuwa wakilikwepa ni hili: fedha zinapoingia katika mchezo, mwenyeji atabaki na nini?

Chimbuko la klabu hizi mbili halina utata mkubwa. Leopards ilianzishwa mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya. Gor ilizaliwa mwaka 1968 na kupewa jina la mganga mashuhuri katika masimulizi ya Waluo. Zote mbili zilikuwa mali ya jamii. Kwa wengi waliohamia mijini kutafuta kazi, timu ilikuwa kiungo cha nyumbani, mahali pa kusikia lugha ya mama na kupata habari za kijijini.

Serikali ilipoamuru mwaka 1980 kwamba vyama na timu ziache majina ya kikabila, Abaluhya ilipata jina la AFC Leopards, na Gor kwa muda ikalazimika kujieleza kuwa kifupi cha maneno ya Kiingereza. Majina yalibadilika kwenye karatasi. Majukwaani watu hawakubadilika. Miaka saba baadaye, mnamo 1987, Gor ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika baada ya kuibwaga Esperance ya Tunisia kwa sheria ya bao la ugenini. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kunyakua taji la bara.

Mambo yalianza kugeuka katika muongo wa kwanza wa karne hii. Mnamo 2003, klabu ziliunda kampuni ya kuendesha ligi kuu, na baadaye runinga ya SuperSport ya Afrika Kusini ikaanza kupeperusha mechi hizo. Manufaa yake yalikuwa dhahiri. Wachezaji walionekana na maajenti wa nje, klabu zilipata mgao wa fedha na ratiba ikapata mpangilio.

Hata hivyo, bwana mpya alikuja na masharti yake. Saa za mechi zilianza kuamuliwa kwa kuzingatia mtazamaji aliye sebuleni wala si fundi wa Kariobangi anayefunga kazi jioni. Na mvutano kuhusu idadi ya timu za ligi ulipotokota mwaka 2017, runinga hiyo ilijiondoa. Klabu zilizokuwa zimezoea mgao huo zilijikuta mikono mitupu.

Somo chungu zaidi lilikuwa bado linakuja. Kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyoanza shughuli zake nchini mwaka 2014, ilikuwa imegeuka mfadhili mkuu wa soka ya Kenya. Ilidhamini ligi, ikadhamini Gor na Leopards, na mwaka 2017 nembo yake ikapamba kifua cha jezi za Everton ya Uingereza. Julai mwaka huo, Gor ilichuana na Everton jijini Dar es Salaam na kushindwa mabao 2-1 katika mechi ambayo Wayne Rooney alifunga. Novemba 2018, vijana wa K'Ogalo walikwenda hadi Goodison Park wakalimwa 4-0. Wengi waliona kwamba milango ya dunia ilikuwa imefunguka.

Dalili za hatari zilikuwepo lakini hazikutiliwa maanani. Mapema mwaka 2018, serikali ilipopandisha ushuru wa kamari hadi asilimia 35, kampuni hiyo ilisitisha ufadhili wake wa michezo nchini kwa muda. Kisha Julai 2019 leseni yake haikufanywa upya, na kabla ya mwaka kwisha ikafunga shughuli zake nchini.

Tukio hilo lilizipiga klabu mbili zilizovaa nembo moja, lakini kipigo hakikuwa sawa. Everton ilitangaza mapema mwaka 2020 kwamba mkataba ungekatizwa msimu ukimalizika, na katika miezi michache ikawa na mdhamini mwingine. Gor na Leopards zilikaa miezi bila kulipa mishahara. Wachezaji walitoroka, wengine waligoma kufanya mazoezi, na viongozi wakarejea pale pale pa zamani: kwa shabiki, wakimwomba achange chochote kupitia simu.

Hapo ndipo ukweli ulipojitokeza. Fedha zilizokuwa zikiitwa za mdhamini zilikuwa zimetoka kwa kiasi kikubwa katika mifuko ya Wakenya wa kawaida waliobashiri kwa shilingi 50 na shilingi 100. Shabiki alikuwa amelipia timu yake kwa njia ya mzunguko, bila kupata hisa, bila kupata kura na bila hata kushukuriwa. Mdhamini alipoondoka, aliombwa alipe mara ya pili.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kuachana kabisa na klabu za jamii na kuziachia kampuni na taasisi uwanja. Hoja hii ina uzito wake. Tusker, ambayo ina mizizi yake katika kiwanda cha bia, imekuwa mfano wa utulivu, na mwaka 2025 Kenya Police ilitawazwa bingwa wa ligi.

Lakini historia inatoa upande wa pili. Oserian ya Naivasha, timu ya kampuni ya maua, ilishinda ligi mwaka 2001 na 2002. Leo haipo. Mumias Sugar nayo ilididimia. Sony Sugar ilitimuliwa ligini Novemba 2019 baada ya kukosa kufika kwa mechi tatu kwa sababu ya ukata. Mwajiri alipoyumba, timu ilianguka, kwa kuwa haikuwa na watu wa kuishika.

Linganisha na Leopards. Klabu hiyo ilitwaa ligi kwa mara ya mwisho mwaka 1998. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, bidhaa isiyouzika kwa robo karne ingekuwa imeondolewa sokoni zamani. Lakini Ingwe bado inajaza majukwaa siku ya debi. Huo ni mtaji usiopatikana katika benki yoyote, na ndio unaowafanya wadhamini kuzinyemelea klabu hizi kila zinapoinuka kidogo.

Itakuwa uongo, hata hivyo, kumpaka shabiki mafuta kana kwamba hana lawama. Oktoba 2010, watu wasiopungua 7 walipoteza maisha yao katika mkanyagano langoni mwa uwanja wa Nyayo siku ya debi. Machi 2012, debi nyingine katika uwanja huo huo ilisimamishwa kwa muda baada ya mashabiki kuzusha ghasia. Wapo wanaoingia bila kulipa na kujigamba kwa hilo, na wapo maafisa waliotia kibindoni pesa za langoni.

Kumbukumbu za karibuni zaidi ni za Agosti 2025, Kenya ilipoandaa michuano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Harambee Stars ilipoilaza Morocco 1-0, Kasarani ilirindima kwa shangwe ambazo hazikuwa zimesikika kwa miaka mingi. Lakini baada ya watu wasio na tiketi kujipenyeza, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilipunguza idadi ya mashabiki hadi 27,000 na kuruhusu tiketi za kielektroniki pekee. Ujeuri wa wachache uliwafungia nje wengi, na mwenye simu duni akajikuta mgeni katika uwanja wa nchi yake.

Kwa hivyo, kinachohitajika si kurejelea ya kale yote wala kukumbatia mapya yote. Nchi nyingine zimekwisha kuupitia mvutano huu, na zinatoa mafunzo yanayofaa kuzingatiwa.

Uingereza, ambayo ligi yake ndiyo inayotamaniwa zaidi na Wakenya, ilijenga utajiri wake tangu 1992 kwa fedha za runinga, huku bei ya tiketi ikiwafukuza taratibu wana wa wafanyakazi walioiasisi michezo hiyo. Mwaka 2002, klabu ya Wimbledon iliporuhusiwa kuhamishiwa mji wa Milton Keynes, mashabiki waliunda timu yao wenyewe, AFC Wimbledon, na kuanza na ligi za chini kabisa. Kufikia 2011 ilikuwa imerudi katika ligi za kulipwa, na mwaka 2020 ikarejea mtaa wake wa Plough Lane. Aprili 2021, klabu sita kubwa za nchi hiyo zilipotangaza kujiunga na ligi ya matajiri ya Ulaya, mashabiki wao walifurika barabarani na mpango ukasambaratika ndani ya siku chache. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mwaka 2025 ya kuunda mdhibiti huru wa soka.

Ujerumani ilitangulia kuziba ufa. Kanuni yake inawataka wanachama wa klabu wabaki na zaidi ya nusu ya kura, isipokuwa kwa timu chache zilizoruhusiwa. Mapema 2024, wasimamizi wa ligi walipotaka kumwingiza mwekezaji wa nje, mashabiki walirusha mipira ya tenisi viwanjani wiki baada ya wiki hadi mazungumzo yakafutwa.

Lakini mfano ulio karibu zaidi uko ng'ambo ya Namanga. Simba ya Dar es Salaam, klabu ya wanachama kama Gor, iliamua mwaka 2017 kumpa mfanyabiashara Mohammed Dewji asilimia 49 kwa ahadi ya Sh20 bilioni za Tanzania, huku asilimia 51 zikibaki kwa wanachama. Mahasimu wao Yanga walifuata mkondo huo wa 51 kwa 49. Mwaka 2021, Azam ilitia saini mkataba wa miaka 10 wa kupeperusha ligi kwa Sh225.6 bilioni za nchi hiyo. Mchakato wa Simba haukukosa mivutano. Hata hivyo, Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba ikafika mwaka 2025, huku majukwaa yakiwa bado yao wenyewe.

Tofauti kati ya Nairobi na Dar es Salaam haiko katika mapenzi ya mashabiki. Iko katika daftari. Klabu inayojua wanachama wake ni akina nani inaweza kuketi mezani na tajiri na kumwambia asilimia ngapi ni zake. Isiyojua hulazimika kuzungumza kupitia vinywa vya maafisa watatu au wanne, na mkataba huishia katika droo ya mmoja wao.

Gor na Leopards zina zaidi ya nusu karne, lakini hakuna iliyo na uwanja wake. Mara kwa mara zimelazimika kuhamahama kati ya Nairobi, Machakos, Thika na Kisumu, zikimfuatisha shabiki nauli na gharama. Mageuzi yoyote yatakayofanywa yanapaswa kuanza na mambo ya msingi: sajili ya wanachama inayoweza kukaguliwa, ada wanayoimudu watu wa kawaida, hesabu zinazosomwa hadharani kila mwaka, na kifungu cha katiba kinachokataza jina, rangi na makao ya klabu kubadilishwa bila kura ya wanachama. Haya yafanywe kabla mwekezaji hajabisha hodi, kwa kuwa akishaingia ndani ndiye atakayepanga viti.

Naye shabiki ana wajibu wake. Anayedai sauti katika uongozi wa klabu hana budi kulipa kiingilio, kulipa ada na kumzuia mwenzake anayeokota jiwe. Haki ya mwenye nyumba huambatana na kazi ya kuifagia.

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa miaka 20 klabu za Kenya zimetegemea cha runinga, kisha cha kamari, kisha cha mwanasiasa msimu wa kura unapokaribia, na kila mara zimerudi kwa yule yule aliyesimama kwenye sanamu ya Mboya akiwa na vuvuzela mkononi. Amekwisha kuzilipia klabu hizi kwa nauli, kwa sauti na kwa ubashiri wake. Kilichosalia ni apewe risiti.