Japani: Maji ya chini kabisa yanavyosakwa kwa kupima mvutano wa dunia

Agosti 8, 2024, baada ya tetemeko la ukubwa wa 7.1, Japani ilitoa kwa mara ya kwanza tahadhari ya tetemeko kubwa ukanda wa Nankai. Wiki ikapita, halikutokea. Je, watu walitishwa bure?

Hapana. Ishu ni kwamba huko chini kuna matetemeko ya polepole: miamba inateleza kwa siku, hata miaka, na hakuna anayehisi. La Tokai lilianza 2000, likaisha 2005. Wanasayansi wanashuku maji yaliyobanwa kilomita nyingi chini ndiyo yanayopunguza msuguano.

Utayajuaje bila kuchimba? Maji yana uzito. Yakihama, nguvu ya mvutano wa dunia hapo juu inabadilika kidogo mno. Kuna kifaa kinachodondosha kitu ndani ya chombo kisicho na hewa, leza inapima kinavyoanguka. Kinanasa hata badiliko la sehemu moja kwa bilioni.

Shida ni mvua. Nayo ni maji, inavuruga vipimo, lazima ipigiwe hesabu na kuondolewa.

Kipimo hiki hakitaji siku ya tetemeko. Ila serikali inayowaambia mamilioni wajiandae, inahitaji kila dalili inayoweza kupata.