Mhudumu hana pa kuhamia



Nina dukuduku nililolibeba tangu msimu wa kahawa uliopita. Ni la moshi wa sigara ndani ya migahawa na baa zetu huku Kanoni. Nijuavyo mimi hatuko peke yetu: nenda Omurushaka, panda Kayanga, vuka upande wa Kyerwa, hali ni ileile.

Ninamlea binti wa marehemu dada yangu. Ana miaka 21, alimaliza kidato cha nne, na huu ni mwaka wake wa pili akiwa mhudumu katika mgahawa mmoja wa hapa ambao sitautaja, maana mwenyewe si mtu mbaya na kosa lake ni la wenzake wote. Chumba ni kimoja, meza sita. Asubuhi kuna supu na chapati, mchana ndizi na maharage, jioni bia. Juu ya meza mbili za dirishani umetundikwa ubao ulioandikwa kwa chaki: WAVUTAJI. Kutoka meza hizo hadi meza ya katikati nimepima mwenyewe kwa miguu. Ni hatua nne.

Msomaji wa Dar es Salaam atauliza kwa nini wavutaji wasikae nje. Karagwe ni nchi ya milima, ndugu yangu. Mwezi wa sita na wa saba ukungu hukaa mashambani mpaka jua likolee, na mvua za Novemba zikianza hakuna anayekaa barazani. Dirisha linafungwa, mlango unasukumwa, watu wanasogeleana. Na miezi hiyo ya ukungu ndiyo wakati wa kuuza kahawa, watu wana fedha mkononi, mgahawa unajaa kuanzia alfajiri. Moshi wa meza mbili unakuwa wa meza zote sita, unaingia jikoni, unashika kwenye kanga na kwenye nywele.

Siku moja niliingia kumpelekea binti yangu sweta, nikakaa kumsubiri. Mzee mmoja wa meza ya dirishani alinunua sigara moja, maana hapa huuzwa mojamoja, akamwambia, "Binti, niletee moto." Akaenda jikoni, akarudi na kaa la moto kwenye koleo, akainama kumsogezea. Mzee akavuta pafu la kwanza na kuutoa moshi usoni pa binti. Hakukusudia ubaya, alikuwa anazungumza na mwenzake bei ya kahawa. Binti akageuza uso, akakohoa kwa kujizuia, akachukua kifuniko cha kopo kilichojaa majivu na kwenda kukimwaga, kisha kwa mikono ileile akapokea oda ya supu. Nilihesabu wavutaji saba katika muda wa chai moja.

Mwezi wa nane kikohozi kilimzidi, nikampeleka kituo cha afya. Swali la tatu la daktari lilikuwa hili: "Unavuta sigara?" Mtoto hajawahi kuishika sigara mdomoni. Daktari alipojua kazi yake akatikisa kichwa tu, akaandika dawa. Sisemi moshi ndio uliomtia kikohozi kile, sina elimu hiyo. Nasema kwamba aliulizwa kama mvutaji, na jibu la kweli lilikuwa kwamba anavuta za watu wengine saa kumi kwa siku.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote. Kila baada ya miezi sita binti huyu hutakiwa kwenda kupimwa afya ndipo aruhusiwe kugusa chakula cha watu. Huchukuliwa choo, huangaliwa kifua, na kadi yake hukaguliwa na afisa afya. Ni utaratibu mzuri na ninauunga mkono, kwa sababu mteja ana haki ya kulindwa asipate maradhi kutoka kwa mhudumu. Basi mhudumu naye analindwa na nani asipate maradhi kutoka kwa mteja? Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa moshi wa wengine. Afisa afya anayeuliza kadi ya binti yangu anasimama chini ya ubao ule wa chaki, na moshi anauona.

Wengi hudhani nchi yetu haina sheria. Ipo, ni Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003. Inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18 na inadhibiti uvutaji katika maeneo ya umma. Ila imeacha mlango: inaruhusu kutengwa maeneo ya wavutaji. Kwenye mlango huo ndipo ubao wa chaki ulipopita. Mwaka 2007, mwezi wa nne, Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku. Mwezi wa saba mwaka huohuo nchi wanachama zilikutana Bangkok na kukubaliana wazi kwamba vyumba vya pembeni na mashine za kupitisha hewa havimlindi mtu, na kinga ni kutovuta kabisa ndani ya jengo la umma na mahali pa kazi. Sheria yetu ni ya kabla ya makubaliano hayo na imebaki na mlango wake. Sasa kama chumba kamili cha pembeni hakitoshi, meza mbili zitatosha vipi?

Nimewahi kuambiwa: anayekerwa aseme, wavutaji ni watu waungwana, watazima. Anayesema hivyo amesahau alikozaliwa. Kwetu mtoto hasimami mbele ya mzee mwenye rika la babu yake akamwambia zima sigara. Akisema kwa upole ataitwa hana adabu, akinyamaza atakohoa. Na anayeambiwa ndiye ambaye fedha yake inalipa mshahara wa binti. Kwa utaratibu huu wa maeneo maalumu, kazi ya kusimamia sheria ameachiwa mtu mdogo kuliko wote chumbani. Mteja asiyependa moshi huinuka akaenda mgahawa wa pili. Mhudumu hana pa kuhamia mpaka zamu iishe.

Nilikwenda kwa mwenye mgahawa, kwa heshima, tukazungumza. Alinijibu bila kuficha: "Mama, nikiwakataza mimi peke yangu wanahamia kwa jirani." Ana haki ya kuogopa, anasomesha watoto kwa mgahawa ule. Nilitafakari maneno yake njia nzima ya kurudi nyumbani nikaona kwamba ndiyo hoja nzito kuliko zote za kutaka katazo liwe la kila mahali. Likiwa la wote, jirani naye hana ubao wa chaki, na mvutaji hana pa kuhamia. Atatoka nje dakika tano, atarudi kumalizia supu yake. Ireland ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza uvutaji katika sehemu zote za kazi, baa zikiwemo, Machi 2004, na watu wake hawakuacha kwenda baa.

Wala hatuhitaji kutazama Ulaya. Sisi tuko mpakani. Ukifika Murongo, ukavuka daraja la mto Kagera, umeingia Kikagati, Uganda. Kule Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kuvuta mahali pa umma na ndani ya mita 50 kutoka hapo, na inakataza hata kuuza sigara mojamoja. Kampuni ya sigara ilikwenda Mahakama ya Katiba kuipinga, na mwaka 2019 ikashindwa. Kenya ilianza kutekeleza sheria yake mwaka 2008. Sitadai kwamba kila baa ya Kikagati inafuata sheria kila usiku. Ila mhudumu wa ng'ambo akionewa ana pa kushika, na wa kwangu hana. Mto ni uleule, na wafanyabiashara wanaovuka kwa ndizi na kahawa ni walewale. Wakiwa upande ule wanazuiwa, wakiwa upande huu wanaletewa kaa la moto.

Wapo watakaosema tutawaumiza wakulima wa tumbaku wa Tabora na Urambo. Sehemu kubwa ya tumbaku yetu huuzwa nje ya nchi, na mkulima wa Urambo hapungukiwi kitu mtu wa Kanoni akivutia chini ya mti badala ya mezani.

Nisije nikaeleweka vibaya: sina ugomvi na mvutaji. Baba yangu alivuta kiko mpaka uzee wake. Lakini alikuwa na kigoda chake ukingoni mwa kibanja, chini ya migomba, na sisi watoto tulijua akiwa na kiko hatumsogelei, naye akimaliza alisukutua kabla ya kuingia ndani. Hakuna sheria iliyomfundisha. Aliona tu kwamba ndani kuna watoto. Nami ninaomba kitu kilekile kwa watoto wanaotuhudumia mezani.

Na tusiambiwe haiwezekani. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku Machi 2017, na vikatoweka madukani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, mama zetu wa gulioni wakarudi kwenye vikapu ndani ya wiki chache. Palipokuwa na neno moja la wazi, lisilo na mlango wa pembeni, watu walifuata.

Kwa hiyo ninawaomba wabunge wetu waifungue tena ile sheria ya 2003 na kuondoa maeneo ya wavutaji ndani ya majengo. Najua ya Bunge huchukua muda. Wakati tunasubiri, halmashauri za wilaya za Karagwe na Kyerwa zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na zimekwisha kuzitunga kwa mambo mengi. Madiwani wetu wanaweza kulipeleka hili kwenye baraza lao. Afisa afya, anapokuja kukagua choo, jiko na kadi za wahudumu, aongeze jambo moja kwenye orodha yake: kama kuna majivu mezani. Faini wailipe mwenye mgahawa na mvutaji, isimguse mhudumu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimeandika ubaoni miaka 34 na mwandiko wangu bado unasomeka. Mwenye mgahawa amekubali kwamba siku sheria ndogo ikipita nitaufuta ule ubao na kuandika mwingine, na vilevile kwa majirani zake wote watakaotaka, bila malipo. Nasubiri tu kupewa namba ya sheria hiyo, niiandike chini, ili mzee akiuliza nani amekataza, binti yangu amwonyeshe kwa kidole na asilazimike kusema neno.

Mwalimu mstaafu,
Kanoni, Karagwe