Msituondolee Msimbazi kwenye mchezo wetu

Haya wadau, ni Jumapili usiku, umeme ndiyo kwanza umerudi, na mimi nina hasira toka jana. Niliapa nisiandike nikiwa na hasira. Nimeshindwa.

Mnaopita hapa kila mara mnajua kwamba Jumamosi jioni tunakutana watano kwenye geto la mshikaji pale Keko, tunacheza Dungeons & Dragons. Kwa mgeni: ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, wabunifu wake ni Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimulia safari, wengine kila mtu ana mhusika wake, na mhusika akitaka kufanya jambo gumu, kete ya pande 20 ndiyo inayoamua. Kete hiyo sisi hatuna. Tuna vizibo 20 vya soda tulivyoviandika namba kwa maka peni, tunavichanganya kwenye sufuria. Kanuni za msingi tulizipakua bure, kwa hiyo msije na ile ya "bumu lote linaishia kwenye michezo". Bumu linaishia kwenye chipsi.

Sasa ugomvi wenyewe. Wiki sita tumekuwa tunavuka kinamasi cha kwenye kitabu. Ukungu, miti iliyooza, mijusi inayotembea kama watu, jitu la kijani ambalo ukilikata mkono unaota tena. Unaua, unaokota dhahabu, unasonga mbele. Raha yake ipo, sikatai. Jana zamu ya kusimulia ilikuwa yangu, nikahamisha kinamasi. Nikawaweka washkaji Jangwani usiku, mvua imepiga tangu alfajiri, mto Msimbazi umefura, na chini ya daraja kuna zimwi linalomeza nyumba moja moja.

Kelele! Mjuzi wetu wa kanuni akasema mchezo wa namna hii ni wa kwenda mbali kimawazo: "Nimepanda daladala mbili kuja huku, halafu unanirudisha kwenye tope lile lile?" Mwingine akasema zito zaidi, kwamba pale wamekufa watu na mimi nafanyia mchezo misiba ya wenzangu. Na huyu kwao ni Mbezi Beach, ghorofani.

Nianze na mjuzi. Kaka, unadhani safari ya kusaka madude hatua kwa hatua tumefundishwa na Wamarekani? Edward Steere alichapisha London ngano za Zanzibar mwaka 1870, na humo yumo Nunda mla watu. Mtoto wa mwisho wa Sultani Majinuni anakwenda kumsaka. Anaua mbwa, anampelekea mama yake, anaambiwa siye. Anaua mnyama mkubwa zaidi, siye. Anapanda hivyo hivyo hadi kifaru, hadi ndovu, siye, ndipo anamfikia Nunda mwenyewe. Hiyo si kupanda levo ni nini? Na ilichapwa miaka 104 kabla ya Gygax.

Ila tazama tofauti. Jitu la kwenye kitabu chenu linakaa kinamasini kwa sababu linakaa kinamasini, basi. Nunda alikuwa paka wa sultani. Alipoanza kula kuku watu walikwenda kushtaki, sultani akajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Akala mbuzi, majibu yale yale. Sultani alikuja kuamka siku paka alipokula watoto wake mwenyewe. Zimwi la kwetu lina mtu aliyelilea. Hicho ndicho nilichokitaka mezani.

Na kilikuja. Kwa mara ya kwanza katika wiki sita, mchezaji hakuuliza "lina uhai kiasi gani?" Aliuliza, "Nani analilisha?" Hapo tulikaa karibu saa nzima. Wakaufuata mto kinyumenyume, toka Daraja la Selander unapoingia baharini, Jangwani, Kigogo, Tabata, Vingunguti, hadi vilima vya Pugu. Kila kituo wakakuta mlishaji: huyu anatupa taka, yule anachimba mchanga, mwingine anafukia bonde apate kiwanja, na wa mwisho kapanga chumba pale kwa sababu cha huko juu hakiwezi. Huyo wa mwisho akawagawa kabisa: ni mshitakiwa au ni mhanga? Mimi ni mwalimu mtarajiwa. Nimesomeshwa mbinu shirikishi kwa kusomewa slaidi inayosema usimsomee mwanafunzi. Darasa lililofikiri kama lile geto bado sijaliona.

Sasa la misiba, na hapa nina kosa langu. Desemba 2011 mafuriko ya Dar yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 ikaja bomoabomoa pale Mkwajuni. Kati yetu watano, mmoja ni mtoto wa Mabwepande. Mwaka 2011 alikuwa na miaka minane. Nilijua hayo yote na sikumuuliza kabla. Ilinipasa kumuuliza, na nimeshamwomba radhi.

Katikati ya mchezo wenzake walianza kumgeukia yeye: maji yanaingia kwa mlango au kwa chini? Mtu anapandaje paani na mtoto mgongoni? Akajibu mawili matatu, akatoka nje. Kimya. Watu wote wananitazama mimi. Baada ya muda akarudi, akakaa, akavuta sufuria ya vizibo.

Usiku tukisubiri daladala akaniambia, "Tangu tuhamishwe, watu wananiuliza kwa nini mlijenga bondeni. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kaniuliza usiku ule ulikuwaje." Halafu akaongeza, "Ila Jumamosi ijayo nasimulia mimi. Wewe sauti ya maji unaikosea."

Kwa hiyo ndugu yangu wa ghorofani, kabla hujamtetea mtu muulize kwanza kama katuma wakili. Ulitaka tunyamaze kwa heshima yake, na kunyamaziwa ndiko alikokuwa kakuchoka. Na wewe mjuzi, majitu ya kijani hayajakimbia, tutayarudia. Lakini usiniambie Msimbazi haufai kwa ngano kwa sababu unanuka na unaujua. Tukimaliza chuo na tukipata ajira, tutafundisha shule zenye watoto wanaovuka mito kama ule kila masika. Tutawasimulia mijusi ya ng'ambo hadi lini?

Jumamosi saa kumi jioni, Keko, sufuria ile ile. Mimi safari hii nachukua kizibo kama wengine, nasikiliza.

Nawakilisha.