Bendi Iliyokataa Kununuliwa

Ikitajwa roki katika mitaa yetu, wazee hutikisa vichwa. Mtu huwaza nywele ndefu, chupa mkononi na kelele za kumfukuza mgonjwa kitandani. Siwalaumu. Mengi ya muziki huo yameuzwa kwa ulevi na kwa uchi, na mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za bendi moja ya roki ya Washington, mji mkuu wa Marekani, iitwayo Fugazi. Suala la hukumu ya muziki nawaachia mashekhe wenye elimu yake. Langu ni biashara ya muziki, na heshima ya mtu anayeufanya.

Mizizi ya bendi hii ni mwaka 1980. Wakati huo kijana Ian MacKaye na wenzake walikuwa na kikundi cha Teen Idles. Waliposafiri hadi San Francisco, walikuta ukumbi unaouza pombe, na wao walikuwa hawajafikia umri. Mwenye ukumbi akawaruhusu kwa sharti moja: waandikwe alama kubwa ya X mikononi, ili asipatikane wa kuwauzia kileo. Vijana wale hawakuona aibu. Waliporudi Washington waliwaomba wenye kumbi wa kwao wafanye vivyo hivyo, ili watoto nao waingie kusikiliza. Alama ya kuwatenga wakaigeuza nishani.

Kikundi kilipovunjika mwaka huo huo, vijana walikuwa na akiba ndogo. Badala ya kugawana, waliitumia kutoa santuri yao wenyewe. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kampuni ya Dischord, ya MacKaye na mwenzake Jeff Nelson. Mwaka 1981, akiwa na bendi nyingine iliyoitwa Minor Threat, MacKaye alitoa wimbo wa kueleza kwa nini yeye hanywi wala havuti. Wimbo ule haukufika dakika moja, lakini ulizua mwenendo mzima wa vijana wa kujiepusha na ulevi katika nchi nyingi. Mwenyewe amekuwa akisema hakukusudia kuanzisha chama. Alikuwa akieleza maisha yake tu.

Fugazi yenyewe ilianza mwaka 1987. MacKaye alishika gitaa na kuimba, Joe Lally akapiga besi, na Brendan Canty ngoma. Onyesho la kwanza lilikuwa Septemba mwaka huo, na muda si muda akajiunga Guy Picciotto, mwanzoni kama mwimbaji tu. Jina walilitoa katika lugha ya mitaani ya askari wa Marekani waliopigana Vietnam, na maana yake ni mambo yaliyoharibika.

Sasa msomaji asikilize masharti yao. Kiingilio kwa kawaida kilikuwa dola 5. Watu wa umri wote waruhusiwe kuingia. Hapakuwa na meza ya kuuza fulana za bendi mlangoni. Hawakuwa na meneja. MacKaye mwenyewe alishika simu na kupanga safari. Na palipotokea watu wa kurukiana vichwani na kuumiza wadogo, bendi ilisimamisha wimbo. Mkorofi aliambiwa kwa adabu aache. Akikataa, alirudishiwa dola zake 5 ndani ya bahasha, akatolewa nje. Ni wangapi kati ya mapromota wetu wangethubutu kumrejeshea mtu kiingilio?

Wako watakaosema kwamba masharti kama hayo yanaua sanaa. Ushahidi ni kinyume. Sauti ya Fugazi haikusimama mahali pamoja. Nyimbo za 1988 zilikuwa na besi nzito yenye harufu ya rege, mapigo ya ghafula, kisha kimya, kisha mlipuko. Katika Repeater, ya 1990, Picciotto naye alishika gitaa, na magitaa mawili yakaanza kujibizana. Kwa ajili ya santuri ya In on the Kill Taker, ya 1993, walirekodi kwanza Chicago. Hawakuridhika, wakaiweka kando kazi ile na kuanza upya kwao. Red Medicine, ya 1995, ilijaa majaribio ya sauti studioni. Na The Argument, ya 2001, ina piano, zeze kubwa la kizungu na mpiga ngoma wa pili. Ni kazi ya watu wazima waliotulia. Ni nani aliyeweza kuwaambia, "Rudieni ule wimbo wa zamani, ndio unaouza"? Hakuna, kwa sababu hawakuwa na bwana.

Mabwana walikuja, kweli. Mwaka 1993, New York, Ahmet Ertegun, mtoto wa balozi wa Uturuki na mmoja wa waanzilishi wa kampuni kubwa ya Atlantic, aliwafuata nyuma ya jukwaa kuwashawishi wajiunge naye. Walimheshimu mzee yule, wakakataa.

Jambo jingine litawagusa wasomaji wetu. Januari 1991, siku chache kabla Marekani haijaanza kuishambulia Iraki, bendi hii ilipiga muziki uwanjani katika baridi kali, mbele ya ikulu ya nchi yao wenyewe, kupinga vita ile. Mwenye kula cha mkubwa husitasita kabla ya kunena. Hawa walikula cha jasho lao, na wakanena.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa Marekani ni tajiri, na mwanamuziki wa pwani asiyepiga hotelini, penye baa na watalii, atalala njaa. Njaa ni ya kweli, wala simcheki mtu anayetafutia wanawe riziki. Lakini tuangalie hesabu. Vijana wa Teen Idles hawakuanza na mtaji wa kampuni. Walianza na senti za maonyesho machache, na wakakubali kutokula leo ili wapande mbegu. Kiingilio kidogo kilijaza kumbi, na kumbi zilizojaa zililisha watu wanne kwa miaka 15. Onyesho lao la mwisho lilikuwa London, Novemba 2002. Walikuwa wamepiga zaidi ya mara 1,000, na zaidi ya maonyesho 800 yalikuwa yamerekodiwa. Tangu 2011 wamekuwa wakiyatoa kwenye mtandao, na bei waliyopendekeza ilikuwa ile ile ya mlangoni: dola 5.

Siwaombi vijana wetu waige kelele za Washington. Tunazo ngoma zetu, na maneno yetu yana utamu wake. Nawaomba waige uangalifu. Kabla ya kutia sahihi karatasi ya mtu, kijana aulize: nani atapanga kiingilio? Nani atamiliki kanda? Je, mdogo wangu ataweza kuingia kunisikiliza bila kupita baa? Na wazazi nao, badala ya kuvunja gitaa, wakae na mtoto wamsaidie kuuliza maswali hayo. Mtoto aliyefukuzwa nyumbani na gitaa lake atapokewa na mwenye baa.