Pesa za Ebola zilifika Beni, za watoto wa SS ziko wapi?

Kila tarehe 19 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliiweka kwa ajili ya ugonjwa wa seli mundu, wakubwa wanasoma hotuba, wanapiga picha, halafu wanarudi maofisini. Kesho yake mama wa mtoto wa SS, awe Beni, Oicha au Butembo, anarudi kutafuta damu ya kumwongezea mtoto na makuta ya kuilipia. Hotuba haijaongeza damu ya mtoto hata mmoja.

Ugonjwa huu, ambao waganga wanauita drepanositozi, hauambukizi na hautokani na uchawi. Ni wa kurithi. Baba mwenye AS na mama mwenye AS wanaweza kuishi wazima hadi uzee, lakini kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS. Nusu inatoka kwa baba, nusu kwa mama. Kwa hiyo mume anayemfukuza mke kwa kuwa “anazaa wagonjwa” ajue kwamba nusu ya kosa hilo, kama ni kosa, anabaki nayo nyumbani.

Inakadiriwa kwamba watoto karibu 40,000 wanazaliwa na SS kila mwaka katika Kongo. Ni Nigeria na India tu zilizo mbele. Hata hivyo, nchi haina mpango wa kumpima kila mtoto anayezaliwa. Mtoto anagunduliwa akiwa amevimba mikono na miguu, au akiwa ameishiwa damu. Wengine hawagunduliwi kabisa. Wanazikwa, na watu wanasema ni malaria.

Ukiuliza kwa nini utafiti wa ugonjwa huu haupewi pesa huku Kivu ya Kaskazini, jibu linakuja haraka: kuna vita. Jibu hilo si la kweli, na Beni yenyewe ndiyo shahidi.

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Mwezi Novemba mwaka huohuo, huku watu wakiuawa pembeni mwa mji, jaribio la dawa nne lilianza Beni, likafika Mangina, Katwa na Butembo. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwezi Aprili daktari Richard Mouzoko aliuawa Butembo, akiwa kazini. Kazi haikusimama. Wagonjwa 681 waliingia katika jaribio hilo, na mwezi Agosti 2019 ikajulikana kwamba dawa mbili kati ya zile nne zinaokoa watu zaidi. Leo dunia nzima inazitumia. Zilithibitishwa na damu ya watu wa Beni na Butembo, na jasho la wauguzi wa hapa.

Kwa hiyo uwezo upo. Pesa zilipotaka kuja, zilipita barabara mbovu, zilipita risasi, zikafika. Ebola ile iliua watu zaidi ya 2,200 na ilistahili kila franga. Lakini Ebola ingeweza kupanda ndege kwenda Ulaya. SS haiwezi. Hiyo ndiyo tofauti, na wakubwa wa pesa waikubali hadharani badala ya kujificha nyuma ya vita.

Jibu la pili ni kwamba utafiti ni ghali. Hapa tena, jirani anatoa somo. Vuka Semliki uingie Bwamba, upande wa Uganda. Mwaka 1949 watafiti wawili, Lehmann na Raper, walitangaza kwamba kati ya Waamba wa huko watu karibu 45 kwa mia wana alama ya seli mundu kwenye damu yao. Hesabu kubwa namna hiyo ilishangaza wataalamu. Baadaye ikaeleweka kwamba mwenye AS anakingwa kwa kiasi na malaria kali, ndiyo maana seli hiyo imejaa katika mabonde yenye mbu. Damu haisimami Kasindi kuonyesha vitambulisho. Watu wa Nobili, Kamango na Mutwanga wanaoana na watu wa ng’ambo tangu zamani.

Zaidi ya miaka 60 baadaye, Uganda ilitaka kujua hali ya nchi nzima. Haikujenga jumba jipya. Ilichukua matone ya damu ya watoto wachanga yaliyokuwa yamekwisha kukusanywa kwa ajili ya kipimo cha ukimwi, ikayapima tena. Matone karibu 100,000 yalipimwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: watoto 13 kwa mia wana AS, na wilaya zilizolemewa zaidi zikajulikana, Bundibugyo ikiwemo. Huo ndio utafiti wa mwanzo: kuhesabu kwanza, ili kujua dawa ipelekwe wapi. Kongo ina matone kama hayo na ina wataalamu. Kinshasa waliwahi kupima watoto wachanga zaidi ya 31,000 na kukuta zaidi ya mmoja katika kila mia ana SS. Kwa nini hesabu hiyo isifike kwenye kila wodi ya wazazi ya Beni na Lubero?

Wengine wanasema kuhesabu hakuponyi. Si kweli. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, kwa watoto zaidi ya 600 waliopewa haidroksiyurea. Ni kidonge cha zamani, si dawa ya matajiri. Vifo vilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili, maumivu yakapungua, hata malaria ikapungua. Daktari Léon Tshilolo, Mkongomani, ndiye jina la kwanza kwenye ripoti hiyo. Lakini kidonge hakimtafuti mtoto asiyejulikana. Asiyepimwa hapewi.

Wakati huohuo, mwezi Desemba 2023, Marekani iliruhusu tiba mbili za kurekebisha chembe za urithi za wenye SS. Moja bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, nyingine milioni 3.1. Ni ushindi mkubwa wa sayansi. Lakini pesa za mgonjwa mmoja wa huko zingepima watoto wangapi wa huku?

Na SS haiko peke yake. Kuna upungufu wa G6PD, kasoro ya kurithi inayofanya chembe nyekundu za damu zivunjike mtu akipewa dawa fulani. Mwaka 2008 dawa ya malaria ya Lapdap iliondolewa sokoni kwa sababu iliwavunjia damu wenye upungufu huo. Katika eneo ambalo kila nyumba inameza dawa za malaria, kutojua nani ana kasoro hiyo ni hatari ya kila siku. Yapo na magonjwa mengine ya kurithi yanayoitwa “adimu”. Ugonjwa usiotafutwa hauna njia nyingine ila kuitwa adimu.

Vita si sababu ya kungoja, ni sababu ya kuharakisha. Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi zilikimbilia Lubero na Butembo. Mtoto wa SS aliyekimbia kwa miguu, mwenye kiu na baridi ya usiku, yuko katika hali ileile inayoamsha maumivu yake. Akifika kwenye kituo kipya bila karatasi yoyote, muuguzi anaanza upya kwa kubahatisha.

Mambo matatu yanadaiwa. Kwanza, serikali itimize neno lake: wakuu wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kuweka 15 kwa mia ya bajeti katika afya. Pili, wafadhili waliolipia majaribio ya Ebola walipie hesabu hii, na kazi wapewe Chuo Kikuu cha Graben na hospitali za hapa, si wageni wa miezi mitatu. Tatu, kipimo cha haraka kinachotoa jibu kwa dakika chache kwa tone la kidole kiwe bure kwa kila mtoto mchanga na kila mtoto wa wahami.

Familia nazo zina zamu yao. Vijana wapime kabla ya mahari, na mtoto wa SS asiitwe laana. Kisha kila mkubwa atakayekuja na hotuba tarehe 19 Juni aulizwe jambo moja mbele ya watu: mwaka huu umepima watoto wangapi?