Sentimita 34

Foromani alinipigia simu saa tatu kasoro asubuhi. "Dada, njoo ujionee mwenyewe," alisema. "Bomba lenu linataka kupita ndani ya boriti."

Tulikuwa tunajenga ofisi ya ghorofa tano Dodoma. Mimi ni mratibu wa michoro. Msanifu anachora kuta na milango, injinia wa majengo anachora nguzo na boriti, wa maji anachora mabomba, wa umeme anachora nyaya zake, na kila mmoja yuko ofisi yake. Kazi yangu ni kuhakikisha michoro yote hiyo inakaa pamoja, iwe jengo moja.

Juu ya mbao za slabu ya ghorofa ya pili nondo zilikuwa zimeshafungwa. Fundi bomba alisimama na kipande cha bomba la inchi nne mkononi, hana pa kukiweka. Mahali ambapo mchoro ulisema tundu liwe, palikuwa pamejaa nondo nene za boriti. Foromani hakupandisha sauti. Alivuta tepu, akapima kutoka mstari wa nguzo, akanionyesha namba. Kisha tukashuka ghorofa ya kwanza, ambako zege lilikuwa limeshamwagwa wiki mbili kabla, tukapima matundu yote kumi na moja. Kila moja lilikuwa limehama sentimita 34, upande uleule. Hakuna lililozidi, hakuna lililopungua.

Mkono wa fundi ukikosea, hukosea bila mpango: hapa sentimita mbili, pale tano, kwingine sifuri. Kosa linalojirudia sawasawa mara kumi na moja halikuzaliwa saiti. Lilizaliwa kwenye kompyuta, na mimi ndiye niliyekuwa na wajibu wa kuliona kabla halijafika kwa fundi.

Jioni ile nilirudi kwenye mafaili nikatafuta. Tulikuwa tunatumia Revit. Kila ofisi hutengeneza modeli yake, halafu huunganisha za wenzake ndani yake: huwezi kuibadilisha ya mwenzako, lakini unaiona na unapima kutoka kwake. Unapounganisha, programu hukuuliza swali moja fupi: niiweke wapi? Unaweza kuiambia ilinganishe kitovu cha faili moja na kitovu cha lingine. Unaweza kuiambia iweke katikati ya jengo hili juu ya katikati ya jengo lile. Na unaweza kuiambia itumie kodineti za pamoja, yaani majira ya nukta ambayo mafaili yote yamekubaliana tangu mwanzo.

Timu ya mabomba ilichagua katikati kwa katikati. Jengo lilionekana limekaa vizuri, wakaendelea. Tena walikuwa na desturi kwamba kila Ijumaa, msanifu akituma faili jipya, wanafuta la zamani na kuunganisha jipya kwa njia ileile. Ijumaa moja msanifu alikuwa amerefusha kibaraza cha mbele kwa sentimita 68 baada ya mteja kuomba kivuli zaidi. Jengo likawa refu zaidi upande mmoja, katikati yake ikasogea nusu ya urefu ule. Nusu ya 68 ni 34. Kwenye kioo cha kompyuta, jengo la mita 48 likisogea sentimita 34, jicho halioni kitu. Vipimo vyote vya matundu vilivyochapishwa wiki ile vilipimwa kutoka mistari ya nguzo iliyokuwa imehama.

Ilibidi tukodi mashine ya kukatia zege, tuzibe matundu kumi na moja na kutoboa mengine kumi na moja. Injinia alilazimika kupiga hesabu upya kwa sababu nondo mbili zilikatwa. Zilikuwa siku nne. Lakini kilichonikaa moyoni hadi leo ni kwamba siku ya kwanza, kabla sijapima, mtu wa kwanza kuulizwa kwa ukali alikuwa yule fundi bomba. Alikuwa amefuata karatasi yetu kwa uaminifu wote.

Nimelelewa na fundi mwashi Korogwe, ndiyo maana jambo hili siwezi kulichukulia kama hitilafu ya kompyuta tu. Baba alipokuwa anaanza nyumba, alipigilia kigingi kimoja kwenye kona kabla ya kugusa jembe. Alikiita mama. Kutoka kwa mama alivuta uzi, akapima tatu, nne, tano ili kona iwe mraba, na kila ukuta wa nyumba ile, hadi choo cha nje, ulipimwa kutoka kwenye kigingi kile. Kibarua aliyekigonga kwa toroli alisimamishwa kazi papo hapo hadi baba ahakiki vipimo upya. Hakukubali mtu apime chumba cha pili kutoka ukuta wa chumba cha kwanza, kwa sababu alijua kosa dogo la chumba hiki litarithiwa na kile. Sisi wenye kompyuta za mamilioni tunajenga maghorofa yasiyo na mama. Kila ofisi imepigilia kigingi chake, kila mmoja anaamini chake ndicho.

Mpima ardhi ndiye mwenye namba za kweli. Anapotuletea mchoro wa kiwanja cha Dodoma, namba ya kaskazini ni milioni tisa na laki tatu na ushee, kwa mita. Huku kusini mwa Ikweta hesabu huanzia milioni kumi kwenye Ikweta yenyewe na kushuka kadiri unavyokwenda kusini, na Dodoma iko karibu kilomita 680 chini yake. Namba hizo ni kubwa mno kwa Revit, ambayo hufanya kazi kwa usahihi ndani ya kilomita 16 hivi kutoka kitovu chake. Ukilazimisha, mistari huanza kukatika na vipimo kuyumba. Kwa hiyo vijana hufanya kile kinachoonekana rahisi: wanaukamata mchoro wa mpima na kuuburuta kwa mkono hadi ulale chini ya jengo. Wanauzungusha kidogo ili barabara ilale sawa na kioo. Kuanzia hapo namba za mpima zimekufa. Ukizungusha kwa makadirio ukakosea sehemu moja tu ya kumi ya digrii, mwisho wa jengo la mita 60 umehama sentimita kumi.

Hakuna sababu ya kuburuta. Jengo linaweza kubaki karibu na kitovu cha programu, limelala sawa na kioo ili mchoraji afanye kazi kwa raha, na wakati huohuo likakumbuka kwamba kona yake fulani ni mashariki kiasi hiki, kaskazini kiasi hiki, mwinuko kiasi hiki, na kwamba limegeuka digrii kadhaa kutoka kaskazini. Modeli moja hupokea kodineti kutoka kwenye mchoro wa mpima, mara moja tu, kisha huzikabidhi kwa modeli nyingine zote. Baada ya hapo msanifu arefushe kibaraza atakavyo, mabomba hayatahama. Kazi yote hiyo ni ya saa moja, ukiongeza na kuhakiki kwamba faili la mpima liko kwa mita na la msanifu kwa milimita. Hilo nalo limeshatutesa: mchoro wa kiwanja ukatokea mdogo mara elfu moja, mtu akadhani faili ni tupu.

Mwinuko nao una mambo yake. Wapima wetu wengi, wakikosa alama ya serikali karibu, huweka alama yao kwenye mzizi wa nguzo ya umeme au ukingo wa karavati na kuiita mita 100. Msanifu anaita sakafu yake ya chini sifuri. Mtu wa barabara ana mwinuko kutoka usawa wa bahari. Namba zote tatu ni halali, na zote tatu zikikutana bila kutambulishwa, maji taka yanaelekea kupanda mlima. Wajerumani na Waswisi, wenye sifa ya umakini duniani, walijenga daraja juu ya mto Rhine pale Laufenburg, kila upande kutoka kwake. Ujerumani hupima mwinuko kutoka bahari ya Amsterdam, Uswisi kutoka bahari ya Marseille, tofauti ni sentimita 27. Tofauti hiyo walikuwa wanaijua. Mtu aliigeuza alama, jumlisha ikawa toa, na mwaka 2003 ikagundulika kwamba pande mbili zinapishana kwa sentimita 54.

Msomaji asiyejenga ghorofa asidhani haya hayamhusu. Viwanja vingi vya nchi hii vilipimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960. Simu yako inatumia mfumo wa setilaiti, ambao umbo lake la dunia ni jingine. Chukua namba za bikoni kutoka ramani ya zamani, ziingize kwenye simu bila kubadilisha mfumo, na simu itakupeleka karibu mita 300 kaskazini ya kiwanja chako. Nimemwona mzee mmoja akitetemeka kwa hofu kwamba ametapeliwa, amesimama kwenye shamba la mihogo la mtu mwingine, wakati kiwanja chake kilikuwa salama kabisa upande wa pili wa barabara. Namba bila jina la mfumo wake ni sawa na kuambiwa "njoo saa mbili" bila kuambiwa ni asubuhi au usiku.

Nikizungumza na wenzangu, jibu ninalopata mara nyingi ni kwamba mambo haya hurekebishwa saiti. Ni kweli, hurekebishwa. Hurekebishwa na fundi aliyepiga magoti na nyundo ya umeme, vumbi la zege puani, kwa malipo ambayo mkandarasi atayabishania miezi mitatu. Sisi ofisini huwa tumeshahamia mradi mwingine. Siamini kwamba tatizo ni uvivu, wala ugumu wa programu. Tatizo ni kwamba namba ile ya kuanzia, ambayo sote tunapaswa kupimia, haina mwenyewe. Mpima ardhi tunamwita kuthibitisha mipaka, tunamlipa, anaondoka kabla msanifu hajachora mstari wa kwanza. Atakaporudi kuweka alama za nguzo, atakuta jengo linaelea, na ataombwa alikadirie.

Ninachotaka ni mpima abaki kwenye mkataba hadi msingi umwagwe zege, na awe mwenye namba. Namba ikibadilika, aibadilishe yeye na kutia saini. Kikao cha kwanza cha mradi, kabla hata ya kujadili rangi ya vioo, kitoe karatasi moja: mfumo uliotumika, kanda, mwinuko unaanzia wapi, na kodineti za makutano mawili ya mistari ya nguzo. Mawili, kwa sababu nukta moja haitoshi. Jengo linaweza kuizunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Kanda nayo iandikwe, kwa sababu kila kanda ya ramani ina hesabu yake. Mji wa Dodoma uko kanda ya 36, lakini ukienda mashariki kilomita kama 30 unaingia kanda ya 37, ambayo ndiyo ya Dar es Salaam, na ofisi nyingi za Dar huanza kazi na faili lililoandaliwa kwa ajili ya Dar.

Na halmashauri zetu zinazotoa vibali vya ujenzi zidai karatasi hiyo. Ofisa anayepokea michoro hahitaji kujua Revit. Anahitaji kuangalia kama ramani ya kiwanja ina nukta mbili zenye namba na jina la mfumo; kama hazipo, airudishe. Leo anaweza kurudisha michoro kwa kukosa mhuri, na sote tunaona ni sawa. Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha wasanifu na wapima kwenye kampasi moja pale Dar. Ningefurahi kuona kila mwaka msanifu mmoja na mpima mmoja wakipewa kiwanja kimoja halisi, wakaenda pamoja, wakarudi na faili moja.

Kuna watakaosema gharama itaongezeka kwa mwenye nyumba ndogo. Kwa nyumba ya vyumba vitatu sidai modeli wala programu. Kigingi cha baba kinatosha, mradi kiwe kimoja na kipimwe kutoka kwenye bikoni za kiwanja. Ninazungumzia majengo ambayo watu wanne katika ofisi nne wanachora kitu kimoja na kutumiana mafaili kwa WhatsApp.

Mwezi ujao tunaanza jengo la darasa na maabara, ghorofa mbili, si mbali na nilikolelewa. Mpima ameshazika nondo mbili kwenye zege, moja chini ya mwembe, nyingine karibu na geti, na mkataba wake haujaisha. Karatasi ya namba iko kwenye kila faili na kwenye kila ukuta wa ofisi. Juzi nilipokwenda saiti, nilikuta foromani amezinakili namba zote kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa kibanda cha saruji, herufi kubwa, na chini yake ameandika jina la mpima na namba yake ya simu.